Nguvu imepanda, mkono ni ule ule

Kuhusu swali lako, kwamba wiki 3 sasa unanyanyua uzito mkubwa kuliko ulipoanza lakini ukijitazama kwenye kioo mkono haujanenepa: hapo hakuna kilichoharibika. Kinachobadilika kwanza ni mishipa ya fahamu, misuli inafuata baadaye.

Ulipoanza, ubongo ulikuwa unaamsha sehemu tu ya nyuzi za msuli, tena bila mpangilio. Kumbuka siku ya kwanza mikono ilivyokuwa ikitetemeka na chuma kikienda upande. Sasa amri zinafika kwa kasi zaidi, nyuzi nyingi zinavuta kwa pamoja, na msuli wa nyuma ya mkono umeacha kushindana na ule wa mbele. Msuli ni ule ule, ila unatumika vizuri zaidi. Ushahidi ninaoupenda ni huu: mtu akifanyisha mazoezi mkono mmoja tu kwa wiki kadhaa, hata ule uliopumzika huongezeka nguvu kidogo!

Unene unaoonekana kwa macho kwa kawaida huanza baada ya wiki 6 hadi 8 au zaidi, mradi unakula protini ya kutosha, unalala, na unaongeza uzito unaonyanyua kidogo kidogo. Hilo la mwisho wengi hulisahau; uzito ukibaki ule ule miezi yote, mwili hauna sababu ya kujenga. Kanda za kupimia zina ukweli kuliko kioo, pima mara moja kwa mwezi.