Pikipiki iliyolala miaka miwili, haishiki

Ndugu, unasema pikipiki yako imelala miaka miwili, moto wa plagi upo lakini injini haishiki. Acha kwanza kuitwanga kiki. Fungua plagi, tia kijiko kimoja cha oili ya injini kwenye silinda, ngoja saa kadhaa, kisha zungusha injini taratibu plagi ikiwa nje. Ringi za pistoni zikiwa kavu hukwaruza silinda.

Mwaga petroli yote ya zamani. Kwa dalili hizo, mimi nashuku kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa: petroli ikikauka huacha gundi ya kahawia, nayo huziba jeti ndogo, yaani kipande cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, ambacho mara nyingi tundu lake halifiki nusu milimita. Iloweke jeti hiyo kwenye dawa ya kabureta, ipulize kwa upepo. Tafadhali usiichokonoe kwa waya. Tundu likipanuka, pikipiki itakula mafuta siku zote.

Betri ikisoma chini ya volti 12.4, ichaji.