Wewe si mtu wa hospitali mwanangu, wewe ni mtu wa vidonge

BARUA: Shangazi shikamoo. Naishi Mwanga hapa Kigoma, nina mume na watoto wawili, ndoa mwaka wa sita. Shida yangu ni mama mkwe. Alikuja kutoka Kasulu mwezi wa pili akasema ni wiki mbili, mpaka leo yupo, na kaja na mizizi yake. Mimi ni mtu wa hospitali, nimesoma, mambo ya miti shamba siyataki. Mwanangu wa miaka mitatu akishikwa na homa nampa mseto, dawa ya malaria, haraka, mwezi huu nimempa mara mbili, akipata nafuu vinavyobaki natunza. Yeye anamchemshia mchaichai na kumwogesha maji ya muarobaini. Juzi mtoto kalia usiku kucha anajivuta sikio, nikajua anadeka tu maana bibi kamzoesha, bibi akamdondoshea mawese ya uvuguvugu sikioni, asubuhi nimeenda kazini, narudi nakuta kumbe alimpakia bodaboda mpaka zahanati bila kuniaga, wamemchoma mtoto kidole na kuandika dawa ya sikio. Kwani mama ni nani pale? Na mume wangu ana presha, vidonge vyake natunza mimi nampa kichwa kikimuuma, pamoja na diklofenaki ya kiuno maana anabeba mizigo bandarini. Mama yake anampa kitunguu saumu na unga sijui wa nini. Chupa yake ya dawa nimeimwaga nyuma ya choo, mume kaninunia siku ya nne leo. Nimwambieje mama arudi kwao bila ugomvi? – Mama Wawili

Marahaba mwanangu. Pole. Kuishi na mkwe nyumba moja miezi na miezi, choo kimoja, jiko moja, yeye anaamka saa kumi na moja kuchemsha majani na wewe unataka chai uwahi kazini, hilo najua linachosha na sitakudanganya kwamba halichoshi.

Sasa huruma imeisha hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikakuonea huruma wewe, mara ya pili nikamwonea huruma mkweo. Umeandika "mimi ni mtu wa hospitali" na barua nzima nimetafuta hiyo hospitali sijaiona. Nimeona duka la dawa. Nimeona droo ya kabati yenye vidonge vilivyobaki. Aliyekwenda zahanati kwenye hadithi hii ni mmoja tu, na ni yule bibi wa Kasulu mwenye mizizi, amepanda bodaboda na mjukuu mgongoni, wewe ndo unamlalamikia.

Hebu nikuulize, homa mbili za mwezi huu, nani alikwambia ni malaria? Ndiyo, huku kwetu Kigoma malaria ipo nyingi, hilo halibishaniwi, ila siyo kila mwili ukichemka ni malaria. Ule kuchomwa kidole uliouandika kwa hasira ndo kipimo chenyewe cha malaria, tone moja la damu, dakika kumi na tano au ishirini majibu yametoka. Wamempima, wakampa dawa ya sikio, kwa akili yangu ya shangazi ina maana malaria haikuwepo. Yaani mtoto alikuwa anakuonyesha kwa mkono wake mwenyewe panapouma, anajivuta sikio usiku kucha, wewe unasema anadeka! Bibi asiyejua kusoma lebo ya dawa kasoma mkono wa mtoto.

Na hivyo vidonge unavyotunza, mwanangu, vitupe. Mseto ni siku tatu, mara sita kwa jumla, mtoto apate nafuu asipate nafuu unamaliza, na unampa na chakula chenye mafuta au maziwa maana bila mafuta haunywewi vizuri na mwili. Kidogo cha mafuta, hata hayo mawese yenu, lakini mdomoni siyo sikioni. Ukiacha katikati vijidudu vinabaki vichache halafu vinajifunza kuizoea dawa. Na ikitokea tena ukampa vile vitatu vya kwenye droo, hapo hujatibu kitu, umempiga chenga tu ugonjwa na wenyewe utarudi. Ni hivyo hivyo kwa amoksilini ambayo najua na yenyewe ipo humo kwenye droo ingawa hukuiandika.

Halafu kuna jambo la kuchekesha humu. Unamdharau mkweo kwa majani, na huo mseto unaojivunia unajua umetoka wapi? Ni jani! Kuna mmea unaitwa pakanga, Wachina wamekuwa wakiutumia kwa homa miaka mingi sana, akaja mwanamama mmoja wa Kichina, Tu Youyou, akachimbua vitabu vya waganga wao wa kale, akatoa humo dawa ya malaria miaka ya 1970, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel kwa ajili hiyo. Kwinini iliyokuwa inatuziba masikio zamani ilikuwa gome la mti. Kwa hiyo ukisema "miti shamba siyataki" unaitukana droo yako mwenyewe.

Ila usikimbie na maneno yangu ukaanza kumchemshia mtoto pakanga. Yule mama wa Nobel alihangaika mpaka akajua kilichomo kwenye jani ni nini, na baada yake watu wakapima kiasi gani kinatosha mtoto na kiasi gani mtu mzima. Jani la sufuriani hujui, la leo kali la kesho jepesi, ndo maana Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya pakanga itumike badala ya dawa. Ugomvi wa mizizi na vidonge hauna maana mwanangu, cha kuuliza ni umepima au umekisia. Kidonge bila kipimo ni ramli kama ramli nyingine, tofauti yake kimefungwa kwenye karatasi ya kung'aa.

Na usiniambie umesoma. Mwaka 2011 nchi hii ilihamia Samunge kule Loliondo, kikombe cha dawa ya Babu shilingi 500, foleni ya magari haionekani mwisho, walikuwemo waliosoma na viongozi wakubwa wakubwa. Mwaka 2020 corona ilipoingia nani hakujifukiza? Wewe mwenyewe ulijifunika blanketi juu ya sufuria ya mikaratusi, naapa. Ugonjwa ukibana kila mtu anakuwa mtoto wa mganga.

Tuje kwa mume sasa maana hapa ndo nilipoweka miwani chini.

Presha hainywewi dawa kichwa kikiuma. Rudia kusoma hapo. Presha inaweza kuwa 180 na mtu anacheka anakula migebuka, haumwi popote, ndo ubaya wake. Kichwa siyo kipimo, kipimo ni ule mkanda unaofungwa mkononi ukajaa upepo, na ikiwa inasoma 140 kwa 90 au zaidi kila ukipima hiyo tayari ni presha. Vidonge ni kila siku, saa ile ile, awe mzima awe mgonjwa, mpaka daktari aseme vinginevyo.

Kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, alikuwa anakunywa kama unavyompa mumeo. Akijisikia vizuri anaacha, anasema "nimepona". Jioni moja yuko Ujiji barazani anacheza bao, kikombe cha kahawa kikamdondoka mkono wa kulia. Akakiangalia tu chini pale. Wenzake wakacheka, wakamwambia umezeeka bwana, akataka kuwajibu mdomo ukaenda upande. Mpaka leo mguu anaukokota na kete anasukumiwa na mjukuu. Mficha maradhi kifo humuumbua, yeye kifo hakikuja lakini kilipita karibu kabisa.

Na juu ya hapo unampa diklofenaki! Dawa za maumivu za kundi hilo, na ibuprofeni ni ndugu yake, zinapandisha presha na kuzilemea figo, mbali na kuunguza tumbo. Yaani mkono mmoja unashusha siku mbili tatu, mkono mwingine unapandisha kila akitoka bandarini. Kitunguu saumu cha mama yake hakijawahi kumfanyia hivyo. Kitunguu kinaweza kusaidia kidogo, hakitoshi kuwa dawa ya presha, lakini akikila na chakula hakidhuru, mwambie tu daktari kwamba anakila sana. Apelekwe kliniki mumeo, na vidonge umpe ashike mwenyewe, mtu mzima huyo siyo mtoto wa chekechea.

Hapa ndo nataka niseme kidogo kuhusu ndoa zenu za siku hizi, mnivumilie. Mwanamke ameolewa, sawa, lakini anataka mume aje kama mgeni wa hoteli, bila mama, bila dada, bila kijiji chake. Akiumwa mume, mwenye maamuzi ni mke na grupu la WhatsApp, mtu humjui yuko wapi anakwambia kunywa hiki acha kile unamwamini, ila aliyemzaa na kumlea huyo mwanaume mpaka ukamkuta ana misuli ya kubeba magunia, huyo hajui kitu. Na nyie wanaume nanyi! Mama na mke wanagombania tumbo lako kama uwanja wa mpira, huyu anamimina huyu anamwaga, wewe umenuna siku nne huongei. Mumeo ana mdomo, angesema "mama asante, mke wangu asante, naenda kliniki", mambo yaishe. Zamani mwali alifundwa namna ya kukaa na mkwe, siku hizi anafundwa namna ya kukata keki.

Haya, mkweo na yeye simwachi bure. Mawese sikioni hapana. Sikio linalouma, hasa likitoa usaha, haliingizwi kitu, siyo mafuta, siyo maziwa ya mama, siyo maji ya majani, huenda ngoma imetoboka na unasukuma uchafu ndani. Linafutwa kwa kitambaa kikavu safi mtoto akapelekwa. Kumshukuru mama kwamba kapelekwa asubuhi na kumkanya mafuta, vyote viwili vinawezekana kwa kikao kimoja. Na ule unga "sijui wa nini" hapo niko na wewe. Dawa isiyojulikana ni nini, ametoa nani, inachanganyika vipi na vidonge vya presha, hainywewi. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002 na kuna Baraza linalosajili waganga, kwa hiyo mwulize kwa adabu, mama huu unga umetoka kwa nani, huyo mtu ana cheti? Asipojua, unawekwa pembeni. Akija siku moja na habari ya kumkata mtoto kimeo kwa wembe hapo usiulize kwa adabu, kataa, mtoto anaweza kutoka damu isikatike au kupata pepopunda.

Mchaichai mwache achemshe. Ni chai. Mtoto akikohoa kijiko cha asali, ya Kibondo au ya Tabora hapo jirani, kinamtuliza, ila mwanao mdogo akiwa bado hajafikisha mwaka asilambe hata kidole, asali inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza mwili wa mtoto mchanga. Muarobaini wa kuoga basi aoge, ila asiunywe. Akiharisha ni maji ya chumvichumvi, na kama pakiti hamna basi lita moja ya maji safi, sukari vijiko sita vya chai visivyo na mlima, chumvi nusu kijiko, hiyo mtengeneze pamoja wewe na mkweo. Homa, zahanati siku hiyo hiyo, siyo kesho.

Umeniuliza umwambieje arudi Kasulu. Mimi nakushauri usimwambie kwanza. Barua yako ina hasira ya mtu aliyeonekana mbele ya manesi kwamba hakujua mwanae anaumwa nini, wala siyo hasira ya mizizi, na mama akiondoka wiki hii hiyo hasira itabaki nyumbani kwako itafute mtu mwingine. Kesho mtumie ujumbe mumeo, mwambie Jumatatu mnaenda kupima presha wote watatu, na yeye mama apimwe, umri wake huo hujui inasoma ngapi. Yeye na mwanae damu moja. Mkirudi salama baada ya wiki kadhaa ataanza mwenyewe kuulizia shamba lake la maharage, akina mama wa Kasulu hawawezi kukaa mjini na mvua zikikaribia.

Na ile chupa mwambie ukweli kwamba uliimwaga. Anajua. Uliirudisha tupu pale pale dirishani alipoiweka, na nyuma ya choo bila shaka kunanuka mizizi mpaka leo.