Yohana angemwambia nini fundi cherehani?

Swali lenu la wiki hii lilisema: "Mwaka mpya wa Kanisa unaanza na Majilio. Je, unaingia nao ukitafuta upya wa roho, au bado unakimbizana na mali?" Mkaomba na wasomaji wa visiwani wajibu. Basi hili ni jibu la fundi cherehani wa Mjini, Unguja, mwanamke, Mkatoliki, mzaliwa wa hapa hapa.

Kwanza nina neno na swali lenyewe. Ukiniuliza roho au mali, jibu unalolitaka nalijua, na kila atakayewaandikia atasema roho. Hata mwenye nyumba aliyepandisha kodi kwa kuwa msimu wa watalii umefika, naye atasema roho, na wala hatakuwa anadanganya. Mimi mali siichukii. Nina kodi ya kibanda, umeme wa kununua, nyuzi, zipu, bitana, na Januari inakuja na mambo yake. Nisipokimbizana jioni hakupikwi. Swali ninaloliweza ni lile ambalo watu walimwuliza Yohana Mbatizaji kule Yordani, katika Luka sura ya 3: tufanye nini basi? Nitalifikia. Acheni nieleze kwanza Majilio yanavyoonekana ukiwa umekaa nyuma ya cherehani.

Kwa wasiojua, na majirani zangu Waislamu huniuliza sana, mwaka wa Kanisa hauanzi tarehe 1 Januari. Unaanza Dominika ya kwanza ya Majilio, yaani zile wiki nne za kuingojea Noeli. Ni Dominika ya nne kurudi nyuma kutoka Noeli, na mwaka huu wa 2026 ni tarehe 29 Novemba. Tunaacha Mwaka A, wa Injili ya Mathayo, tunaingia Mwaka B, wa Marko. Padre anavaa zambarau, wimbo wa Utukufu hauimbwi Dominika hizo, na Dominika ya tatu ndiyo yenye ruhusa ya rangi ya waridi. Injili ya siku ya kwanza ni fupi: bwana mwenye nyumba kasafiri, kila mtumishi kaachiwa kazi yake, na bawabu kaamriwa akeshe. Habari za kushona hazimo.

Lakini wiki hizo nne ndizo ambazo mimi silali, wala si kule kukesha alikokusema Marko. Kwaya wanaleta vitenge vya sare ya Noeli, ambayo si ile ya Pasaka, ambayo nayo si ile ya jubilei. Kina mama wana yao. Watoto wanaocheza wakati wa vipaji wana yao. Halafu zinakuja familia, baba shati, mama gauni, watoto wanne, wote kitenge kimoja, na picha itapigwa hata kama ndani ya nyumba hawasemeshani tangu Oktoba.

Mwaka jana alikuja mama mmoja anayefanya usafi wa vyumba katika hoteli ya pwani ya mashariki. Alishuka gari la shamba na yadi sita za kitenge cha kwaya kwenye mfuko wa plastiki. Nikampima mabega, kifua, kiuno, urefu. Alipoona ninaandika akaniuliza polepole, "Dada fundi, hapo hakitoki na kishati cha mtoto?" Nikakitandika kitambaa mezani, nikaligeuza gauni kichwa chini miguu juu, mikono nikaibana pembeni, na kola ya mtoto nikaiunga vipande viwili. Kishati kikatoka, kimekosa mfuko tu. Nilipomtajia ujira wangu akacheka kidogo, akasema kitenge chenyewe hajakilipa, mweka hazina wa kwaya anamdai. "Naimba kwa mkopo, dada."

Noeli ilipofika hoteli ikajaa, naye akapangwa zamu ya asubuhi. Hakuimba. Gauni lilikaa kwangu limekunjwa mpaka Februari.

Msinielewe vibaya, sare sina ugomvi nayo. Faida yake mojawapo ni kwamba ukiwatazama wanakwaya mbele ya altare humjui mwenye duka wala mwenye kufua nguo za watu, na hilo ni jambo zuri kabisa. Shida ni pale sare inapozaa sare, mpaka yule asiyeweza kununua ya tatu anaanza kukosa mazoezi, kisha anahamia misa ya kwanza asubuhi ambako kwaya nyingine ndiyo inaimba, na hakuna anayeuliza amekwenda wapi.

Jirani yangu, bibi wa makamo ambaye mchana hukaa kwenye baraza ya kibanda changu kuvizia upepo wa kaskazi, aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, hii Majilio yenu ndiyo kama Shaabani?" Nikamwambia ndiyo, kitu kama hicho, siku za kujitayarisha. Akalitazama lundo la vitenge lililofika dirishani. "Basi nyinyi vunja jungu lenu refu, mashallah."

Nilicheka, lakini maneno yale yalinikaa. Vunja jungu ni siku za mwisho za Shaabani, watu wanakula na kutembea kwa kuwa Ramadhani iko mlangoni. Yetu ni wiki nne za vunja jungu, na inayofuata si funga, ni sikukuu yenyewe, kisha mwaka mpya, kisha Januari isiyokwisha. Februari mwaka huu mambo yalikuwa mengine. Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18, na mwezi wa Ramadhani ukaandama wiki hiyo hiyo. Mtaa mzima ulikuwa umefunga, sisi kwa namna yetu na wao kwa yao. Mchana hakuna aliyekaanga kitu, sauti zilishuka, jioni sahani za futari zilipita mpaka kwangu. Sijawahi kupata Kwaresima nyepesi kama ile. Kufunga kunabebeka ukiwa umezungukwa na watu wanaofunga.

Majilio hayana msaada huo. Wakristo hapa ni wachache, na mtaa haujui kwamba tuko kwenye siku za kungoja. Wanaotukumbusha Noeli kwa sauti kubwa ni hoteli. Novemba haijaisha wameshawasha taa za rangi kwenye minazi na kusimamisha mti wa plastiki mapokezi, wimbo wa theluji unapigwa kwenye joto hili, na karamu ya tarehe 31 Desemba imeshauzwa tiketi. Siwalaumu, ni biashara, na nusu ya waumini wetu wanakula kwa biashara hiyo. Mimi mwenyewe huwashonea mapazia na foronya baadhi ya wenye nyumba za wageni. Ila kijana aliyetoka Bara kuja kufanya kazi Nungwi au Paje, Krismasi anayoiona kwa macho kila siku ni ile ya mapokezi. Ya kanisani ataiona akipata ruhusa.

Kutoka kwetu Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu lililojengwa na wamisionari Wafaransa katika miaka ya 1890, si mwendo mrefu kwa miguu mpaka Mkunazini kwa ndugu zetu Waanglikana. Pale palikuwa soko la watumwa. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga Juni 1873, na siku ya Noeli ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Watalii wanapelekwa, wanaelezwa, wanapiga picha. Mimi nikipita huwaza jinsi tamaa ya mali inavyoweza kwenda mbali ikiachiwa njia: mpaka mtu mwenyewe akawa na bei, akakaguliwa meno. Na huwaza jambo la pili ambalo halizungumzwi sana. Soko lilifungwa 1873, lakini hali ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897. Ni miaka 24. Noeli ziliimbwa Mkunazini huku mashambani karafuu bado zikichumwa na watumwa. Kwa hiyo mtu akinisimulia kwamba mwaka huu amefanywa upya rohoni, nafurahi naye, kisha nataka kujua ni soko gani amelifunga, na kama shambani nako kumebadilika kitu.

Ndiyo maana nampenda Yohana. Walimwendea watu wa kila aina wakiwa wamejaa hofu ya hukumu, na angeweza kuwapa maneno makubwa. Akawajibu kwa kazi zao. Mtoza ushuru hakuambiwa aache kazi, aliambiwa asitoze zaidi ya alivyoamriwa. Askari waliambiwa wasimdhulumu mtu, wasimshtaki mtu kwa uongo, watosheke na mishahara yao. Na wote kwa pamoja: mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu.

Fundi cherehani hakuwapo siku ile. Angekuwapo, nadhani najua angeambiwa nini, maana kazi hii naijua ndani na nje.

Angeulizwa vipande viko wapi. Mteja ameleta yadi sita, gauni limekula nne na kitu, na mteja anaambiwa kitambaa kimekwisha. Kila fundi anajua kilipo. Kiko kwenye gunia chini ya meza, mwaka ukigeuka kinakuwa mito na vibwebwe vya watoto, na kinauzwa. Kwa lugha ya kazini hiyo huitwa haki ya fundi. Sijui Yohana angeiitaje.

Kisha angegusa "njoo kesho". Hapo ndipo penye donda. Desemba fundi anapokea advansi ya magauni ambayo mikono yake haiwezi kuyamaliza hata asipolala, kwa sababu pesa ya mkononi ni tamu na aliyekataliwa ataenda kwa fundi wa pili. Tarehe 24 usiku wanawake wamesimama mlangoni, mmoja ana mtoto mgongoni, umeme umekatika, na gauni lake bado halijatiwa mikono. Mtu amelipia furaha ya sikukuu akauziwa uongo. Na fundi huyo huyo asubuhi anakwenda kupokea komunyo akiwa na usingizi machoni.

Halafu wale vijana wanaotusaidia, wanaokunja pindo, kutia vifungo na kupiga ovaloki. Wanaambiwa watalipwa baada ya sikukuu, wakati sikukuu ndiyo waliyoitolea jasho. Kumbukumbu la Torati ilishalisema hilo zamani, mfanyakazi maskini apewe ujira wake siku hiyo hiyo kabla jua halijatua.

Wengine nitawapitia haraka. Mwenye hoteli angeambiwa ampe mfanyakazi wake Mkristo saa mbili za kwenda misa ya Noeli, kama wengi wanavyowapa Waislamu nafasi ya Ijumaa. Mwenye nyumba angeulizwa juu ya ile kodi. Viongozi wa kwaya, sare moja. Paroko ana Yohana wake, hapo ninyamaze.

Kuhusu ile mikesha ya mwaka mpya ambako kila mwaka unatangazwa kuwa ni mwaka wa kufunguliwa, wa kumiliki, wa kuinuliwa: simkatazi mtu kumwomba Mungu gari, mimi nimemwomba mashine ya kudarizi. Nangoja tu siku nitakayosikia umetangazwa mwaka wa kulipa madeni, nione ni wangapi watasema amina.

Sasa mmeniuliza mimi ninaingia nao vipi. Kazi mpya ya Noeli sipokei baada ya Dominika ya pili, tarehe 6 Desemba. Vipande vyote vinafungwa pamoja na nguo ya mwenyewe, hata viwe vya kufutia vumbi. Kijana wangu analipwa kila Jumamosi. Na daftari la madeni nimelifungua. Kuna majina nitayapiga mstari na wenyewe nitawaambia, akiwamo mama mmoja mjane ambaye tangu Pasaka akiniona sokoni Darajani anageuza njia. Kuna jina moja sitalipiga mstari. Huyo ana gari na ananidai salamu kila asubuhi kama hana neno. Atalipa, na kulipa kwake kutamfaa kuliko msamaha wangu.

Lililobaki ni la kwaya. Nilimfuata mwenyekiti wiki iliyopita baada ya misa, nikamwambia kitenge cha mwaka jana rangi yake bado imesimama, kikifuliwa na kupigwa pasi vizuri hakuna atakayejua, na mimi nitarekebisha bure yale yaliyobana. Akasema wanakwaya watanuna. Nikamwambia wengine watapumua, ila hawatakwambia wewe. Akaondoka. Juzi amenipigia simu: je, tukiacha kitenge kipya, lasi tu ya shingoni kwa watu 40 itakuwa kiasi gani? Nimemtajia bei. Anasema ni kubwa, tunaendelea kuvutana.

Fundi cherehani, Mjini Unguja