Duka la piano la ukoo mmoja, mbona yapo

Kaka umeuliza kama kuna duka la vinanda lililodumu kwenye familia moja au mzee akifa basi na duka linafungwa. Yapo bana. Wale Steinway, watengenezaji wa piano, walianza New York 1853, mzee alikuwa seremala katoka Ujerumani na wanae, wakafungua na kiwanda Hamburg 1880, ukoo ukashika mpaka 1972 ndo wakawauzia CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani. Miaka 119 hiyo, wajukuu na vitukuu humo humo.

Ila huku Mtwara usifikirie piano ya mbao, joto la bahari litakuumbua. Ile kitu ina nyuzi zaidi ya 200 na vitufe 88, unyevu ukiingia mbao inavimba, nyuzi zinashika kutu, kitufe ukikibonyeza kinazama hakirudi. Baba mdogo wangu ana kaduka alikorithi kwa babu, anauza nyuzi za gitaa, maiki, spika, na kutengeneza vinanda vya kwaya. Siku moja nimemkuta kafungua kimoja mezani, ndani mchwa wamejenga kabisa, akawa anawachokoa na sindano ya kushonea magunia huku anasonya.

Na duka halijafa kwa sababu ya korosho tu, niamini mimi. Minada ikianza mwezi wa kumi hela ikatoka, kwaya za vijijini zinakuja na bahasha ya mchango kununua kinanda, mwezi wa nne hapo utamkuta amelala kwenye benchi redio inamsikiliza yeye.