Muulize Fundi: Bapa refu la kumalizia ukuta

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa ujenzi, niko Mtanda, Lindi. Nimenunua lile bapa refu la chuma lenye mgongo wa alumini, la sentimita 60, kwa ajili ya kumalizia skimingi, lile tabaka jembamba la rojo linalolazwa juu ya lipu ili ukuta uwe laini. Nikilipitisha linaacha mistari, na mahali pengine linang'oa kazi niliyokwisha kuilaza. Fundi mkuu wangu anasema kifaa hiki ni cha wasiojua kushika mwiko, niachane nacho. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bapa usilitupe, na fundi mkuu wako usigombane naye. Yeye anajua jambo ambalo bapa haliwezi kukufanyia, nalo ni kunyoosha lipu. Ukuta wenye tumbo, uliopigwa bila timazi wala rula, hata ukiupitishia bapa la mita nzima utabaki na tumbo lake. Bapa linaziba mabonde madogo ya milimita moja au mbili. Kwa hiyo kabla hujakoroga chochote, simamisha rula ya mita mbili ukutani, uchungulie mwanga unaopenya chini yake. Ukiona bonde kubwa, mwite mzee wako na mwiko wake.

Tuje kwenye mistari. Bapa likitoka dukani ukingo wake huwa mkali, na pembe zake mbili ndizo zinazochora. Chukua msasa wa maji, namba 400 au laini zaidi, uloweshe, uutandaze juu ya kioo, usugue ukingo mzima taratibu, kisha pembe uzizungushe kidogo. Halafu pitisha kitambaa chepesi kwenye ukingo. Kikinasa mahali, hapo bado pana kibanzi. Lakini mistari mingine inatoka kwenye ndoo. Mabaki ya jana yaliyogandia ndooni yanadondoka ndani ya rojo jipya, na chembe moja tu inaburuzwa toka kona hadi kona. Ndoo ioshwe kila unapokoroga upya. Unga umwage kwenye maji, si maji kwenye unga. Uache unywe dakika chache, ndipo ukoroge.

Kung'oa ndiko kunakohitaji maelezo marefu, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na bapa kurudi stoo. Rojo likiwa bado bichi, ukalaza bapa karibu kushikana na ukuta, linafyonza na kuondoka na kazi yako. Likishakauka kupita kiasi, bapa linakwaruza. Muda wake uko katikati, na kidole ndicho kinachoujua: gusa, kikiacha alama bila kuondoka na rojo, ukuta umevuta, pitisha. Saa haikusaidii sana hapa. Chumba kinachopigwa na jua la alasiri mwezi wa Novemba, madirisha wazi na upepo wa bahari unaingia, kinavuta upesi kuliko chumba cha upande wa pili wa nyumba ileile. Funga madirisha, na ukuta wa lipu uloweshe mapema, ungoje maji ya juu yapotee kabla ya kulaza. Lipu kavu inakunywa maji ya rojo lako kabla hujafika mwisho wa ukuta, na hapo hakuna bapa litakalokuokoa. Kama kuta ni kubwa, gawa; laza kiasi unachoweza kukimaliza kabla hakijashika.

Mkono nao una darasa lake. Mwiko unaongozwa na kiwiko cha mkono, lakini bapa refu linaongozwa na miguu: lishike kwa mikono miwili, kiwiliwili kitulie, tembea nalo. Usilikandamize. Ukilikandamiza chuma kinapinda, kinafuata vilima vya ukuta badala ya kuvikata, na ndiyo sababu unaona mawimbi. Jinsi unavyolisimamisha zaidi ndivyo linavyokata zaidi. Jinsi unavyolilaza ndivyo linavyoacha. Mara ya kwanza pita kutoka chini kwenda juu, mara ya pili kwa upande, na kila pito lipande juu ya lile lililotangulia kama theluthi ya upana. Kila pito futa ukingo. Ukipata uwezo, uwe na mabapa mawili: lenye chuma kinene kidogo, cha nusu milimita hivi, la kusawazisha, na jembamba la kufunga vitundu mwishoni.

Jifunzie stoo au chumba cha nyuma, siyo sebuleni kwa mteja. Jioni zima taa, washa tochi ya simu uiweke ubavuni mwa ukuta, mwanga upite kwa kando. Kila kosa litatoa kivuli. Weka alama kwa penseli, asubuhi urudie hapo tu.

Na tafadhali sana, usipige unga wa jipsamu nje wala bafuni. Jipsamu ni jasi, ileile inayochimbwa Makangaga kule Kilwa, na maji huilainisha. Huko tumia unga wa simenti nyeupe uliotengenezwa kwa ajili ya nje. Ukimaliza kazi osha bapa kabla hujanawa mikono, lifute likauke, litundike. Chumvi ya hewa yetu hutia madoa hata chuma kinachouzwa kwa jina la kisichoshika kutu.

Mimi nalipenda bapa hili. Nimewaona wazee wetu wa Mtwara wakimaliza ujana wao na mabega yaliyochoka kwa kusugua bao dogo juu ya kuta kubwa, na kijana anayetafuta njia ya kulinda bega lake siwezi kumwita mvivu. Mwonyeshe mzee wako ukuta ulionyooka, kwa adabu, umwombe akupimie kwa rula yake.

SWALI: Asalaam alaykum, fundi. Nyumba yetu ya urithi iko Mikindani, ya mawe na chokaa. Fundi anataka kubandua chokaa yote, apige lipu ya simenti, amalizie kwa bapa ili kuta ziwe kama kioo. Nimruhusu?

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Usimruhusu. Mawe ya matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Ukiyafunika kwa simenti, unyevu unabaki ndani, chumvi inasukuma lipu, na baada ya masika utaona inavimba na kubanduka vipande vipande. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Palipo na sauti ya uwazi ndipo pabanduliwe, pajazwe chokaa na mchanga wa mto, kisha papakwe chokaa. Mchanga wa ufukweni asiulete kabisa. Kuta hizo hazijanyooka tangu zilipojengwa, ziacheni hivyo. Bapa lake akalitumie kwenye vyumba vya uani, kama ni vya tofali za simenti.