Anza na kidonda, uchawi utafuata: kwa mnaoandika komedi za familia zenye maajabu

Script nyingi za komedi za familia zenye maajabu ambazo vijana wananitumia nizisome zinaanzia kwenye maajabu. Mtoto kaokota simu inayoongea, bibi kaacha kanga yenye nguvu, baba kaamka asubuhi kageuka mbuzi. Mpaka ukurasa wa 15 unacheka kweli, afu ukifika wa 30 unaona mwandishi kaishiwa, anaanza kuongeza watu, anamleta mjomba kutoka kijijini, polisi anatokea, mganga naye anatokea, na mwisho kabisa watu wanakumbatiana wanalia na we msomaji unajiuliza hawa wanalia nini, mbona tangu mwanzo hawakuwa na shida yoyote?

Kwa muda wote niliokaa kwenye hii kazi, ya kuandika na ya kusoma za wenzangu, ushauri ninaoutoa kuliko mwingine wowote ni huu: anza na kidonda cha familia, uchawi uchague baadaye, na uchague ule ambao lazima ukiguse kidonda hicho kila unapofanya kazi. Ukishafanya hivyo vichekesho na machozi vinatoka sehemu moja, hutahitaji kuvitafuta.

Chukueni Liar Liar ya 1997, ile ya Jim Carrey, dairekta Tom Shadyac (ina vipande vya kikubwa, mwenye watoto wadogo aitazame kwanza peke yake). Muvi haifiki hata saa moja na nusu lakini ukiifungua ndani utakuta kila kitu. Fletcher ni wakili, ameachana na mkewe, ana mtoto wa kiume anaitwa Max anatimiza miaka mitano. Kidonda cha hiyo familia ni kimoja tu, baba anaahidi afu hatokei. Sasa angalia uchawi uliochaguliwa: siku ya bethidei baba hajaja, mtoto anazima mishumaa ya keki anaomba kwamba kwa siku moja tu baba yake asiweze kudanganya. Basi. Hakuna jini, hakuna kitabu cha kale, hakuna mzee wa kuja kutoa maelezo dakika kumi. Ombi limetoka kwenye kidonda chenyewe na limempiga baba pale pale anapopatia ugali, maana uwakili wake wote anauendesha kwa uongo.

Kwaiyo vituko vinakuja vyenyewe. Kuna sini yuko ofisini kashika kalamu ya bluu anajaribu kusema ni nyekundu, mdomo unagoma, anajaribu kuandika mkono unagoma, anapambana na ile kalamu mpaka uso wote umechafuka wino, hamna maneno ya kuchekesha pale, ni mtu na kalamu tu na bado watu wanashika mbavu. Baadaye anaingia chooni mahakamani anajipiga mwenyewe, anajibamiza ukutani, lengo kesi iahirishwe, anarudi kavimba, jaji anamuuliza unaweza kuendelea? na kwa sababu hawezi kudanganya inabidi akubali kwamba anaweza. Hiyo ndo sheria ya uchawi ikiheshimiwa. Imewekwa mara moja, ni fupi, mtoto wa miaka sita anaweza kumweleza mwenzie, na mwandishi haivunji hata pale ambapo kuivunja kungemrahisishia kazi.

Lakini mi kinachonifanya niirudie hii muvi ni jinsi ilivyopanga maumivu. Fletcher akishajua ni ombi la mtoto anamfuata shuleni kumbembeleza alifute, anamweleza kwamba watu wazima wote wanadanganya, na Max anamjibu kwamba ndio, lakini wewe peke yako ndo unanifanya nijisikie vibaya. Kicheko kinakatika hapo hapo. Afu mtoto anajaribu kufuta kweli, na haifutiki. Mnaona mwandishi hakusubiri dakika za mwisho ndo atoe donge, kalitoa wakati baba bado ana kesi ya kushinda, ili ule ushindi ukija uje na uchungu wake. Na unakuja hivyo hivyo, anashinda kesi, kwa ukweli mtupu kabisa, afu anageuka anaona watoto wa yule mteja wake, mama aliyekuwa anamtetea kwenye kesi ya talaka, wanabanduliwa mikononi mwa baba yao. Kapata kila alichokuwa anakitafuta tangu ukurasa wa kwanza, na ndani ya sekunde chache anajiona yeye kwenye yule baba. Anaanza kumfokea jaji, anaishia kukamatwa.

Ule ushindi unaouma ndo kitu nachokikosa zaidi kwenye script zetu. Sisi tunapenda shujaa apigwe, apigwe, apigwe, afu ashinde, halafu wimbo. Kwenye komedi ya familia huwa inafanya kazi vizuri zaidi akishinda kitu kisicho sahihi mbele ya macho yetu, tukajua sisi na yeye kwa wakati mmoja kwamba hiki sicho.

Nikiwa hapo hapo katikati ya stori, kuna jambo letu la nyumbani. Wakati ule Bongo muvi zinauzwa kwenye CD na DVD, Part 1 na Part 2, wengi walilalamika kwamba stori inakatwa ili mtu anunue mara mbili, na malalamiko yalikuwa ya haki kabisa. Ila ule mkato ulikuwa unamlazimisha mwandishi ajiulize, nikikata hapa katikati nini kitamrudisha mtazamaji? Hilo swali liulizeni hata kama script yenu ni ya dakika 90 inaonyeshwa moja kwa moja bila kukatwa. Kwenye muvi za maajabu jibu huwa ni lile lile, mpaka katikati uchawi umekuwa ukitoa, kuanzia hapo uanze kudai. Big ya 1988, ya Penny Marshall, imefanya kitu kigumu zaidi, inadai mapema kabisa. Mtoto wa miaka 12 kaomba awe mkubwa, kaamka na mwili wa Tom Hanks, usiku wake wa kwanza New York yuko kwenye hoteli chafu, nje kuna makelele na milio ya risasi, na lile jitu zima linajikunja kitandani linalia kama mtoto maana ni mtoto. Baada ya hapo hata akicheka na kuruka juu ya kinanda cha miguu dukani, we mtazamaji bado unamkumbuka mama yake aliyebaki nyumbani anadhani mwanae katekwa.

Jumanji ya 1995 nayo ina ujanja ambao nauheshimu sana na watu wengi hawajawahi kuugundua. Mwaka 1969 mtoto Alan kagombana na baba yake, baba anataka kumpeleka shule ya bweni, maneno makali yametoka, afu hapo hapo mchezo unammeza Alan, anakaa porini miaka 26. Anarudi mtu mzima, ndo Robin Williams sasa, na nyuma yake anafukuzwa na mwindaji mmoja mwenye bunduki anaitwa Van Pelt. Tazameni uso wa huyo mwindaji na uso wa baba. Mwigizaji ni mmoja, Jonathan Hyde! Mtoto aliyemkimbia baba yake amekimbizwa miaka yote na sura ya baba yake, na siku anayosimama akamtazama mwindaji usoni bila kukimbia ndo siku mchezo unaisha, anarudi 1969, baba anaingia mlangoni na mtoto anamrukia. Mamba, simba, nyani na mafuriko ndani ya nyumba vyote ni vya kufurahisha, nawapenda wale nyani, ila kinachokuliza ni kwamba adui alikuwa ametengenezwa kwa kidonda. Na hakuna mtu kwenye muvi aliyesimama kutuelezea hilo, hata neno moja.

Sasa niwape mfano wa kwangu maana nyumbani kwetu hatuna haja ya kukopa mishumaa ya keki. Kuna script nimekuwa naifanyia kazi, nyumba ya uswahilini, kitinda mimba wa miaka minane ambaye hasikilizwi. Akiongea anaambiwa nyamaza wakubwa wanaongea, akileta habari ya shule anaambiwa subiri taarifa ya habari iishe. Kidonda ndo hicho. Kwa hiyo uchawi nilioutafuta ni huu: asubuhi moja akifungua mdomo inatoka sauti ya marehemu babu yake, yule babu ambaye akikohoa tu nyumba nzima inasimama. Hebu fikiria. Mtoto anaomba sukari iongezwe kwenye chai na mjomba anaruka kutoka kwenye kochi, baba mtu mzima na kitambi chake anainamisha kichwa, "Shikamoo baba," na mtoto kwa woga anaitika marahaba. Sini hiyo sikuitafutia utani, imejiandika.

Halafu uchawi ukaanza kudai. Baba hakuagana vizuri na mzee, walikuwa hawaongei mpaka msiba, kwa hiyo usiku anamfuata mtoto chumbani, anakaa kwenye ukingo wa kitanda anaanza kuomba msamaha kwa babu. Mtoto anasikiliza, na hapo anaelewa kwamba watu sasa wanakaa kimya akiongea lakini bado hakuna anayemsikia yeye, wanamsikia babu. Kidonda kile kile, kimezama zaidi. Na sasa ana uamuzi mzito mkononi, ajifanye babu amsamehe baba yake, au aseme ukweli baba abaki na donge lake. Nikifika hapo sihitaji polisi wala mganga, nina mtu mmoja mdogo na uamuzi mmoja, stori inajisukuma yenyewe mpaka mwisho.

Mwisho wenyewe una kanuni moja naishikilia sana, mtihani wa mwisho ufanyike uchawi ukiwa umekwisha au ukiwa hausaidii tena. Rudini kwa Fletcher, saa 24 za ombi zimepita, anamwambia Max hatamuumiza tena, na Max anajua baba anasema kweli ingawa sasa hivi angeweza kudanganya vizuri tu. Maneno yale yale yangesemwa saa moja kabla yasingekuwa na thamani, maana alikuwa analazimishwa. Freaky Friday ya 2003 imekwenda njia nyingine ikafika pale pale: mama na binti wamebadilishana miili, binti aliyeko kwenye mwili wa mama anapewa nafasi na mama yake mwenyewe ya kumwomba bwana harusi waahirishe ndoa ambayo yeye hajawahi kuitaka, anasimama na glasi mbele ya wageni, na badala ya kuahirisha anamkaribisha yule mwanaume kwenye familia. Hakuna aliyemlazimisha. Ndo ardhi inatikisika kila mtu anarudi kwenye mwili wake. Mnaona mpangilio? Anabadilika moyo kwanza, mwili unafuata. Wengi mnaandika kinyume, uchawi unaisha kwa sababu dawa imepatikana kwa mganga, afu watu ndo wanabadilika tabia kama shukrani.

Kwangu mimi mtihani ni sauti ikishapotea. Yule mtoto anaongea kwa kisauti chake chembamba, taarifa ya habari inaendelea, je baba atazima TV? Hilo tu. Na akishaizima nakata, ukurasa mmoja zaidi wa nyumba kula chakula pamoja, basi, msiweke harusi na safari ya ufukweni na watu wote kuombana msamaha kwa foleni.

Kitu cha mwisho ni cha kazi. Rasimu ikiisha, kabla hamjanitumia mimi, wasomeeni watoto, wa nyumbani au wa jirani, kwa sauti, bila kuigiza sana. Wakiuliza "afu?" endeleeni. Wakiuliza "kwani yeye si alikuwa hawezi kufanya hivyo?" sheria ya uchawi wenu imevuja, rudini mpaka ukurasa mlioivunja. Na kuna pale wanapoinuka kwenda kunywa maji, wekeni alama pembeni kimya kimya, mara nyingi mtakuta ni pale mjomba wa kijijini alipoingia.