Maswali ya Wasomaji: Jumamosi ile Yesu alikuwa wapi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Nafundisha watoto wa kipaimara. Kila tukifika "akashukia kuzimu" katika Kanuni ya Imani ya Mitume, kuna atakayeuliza: kumbe Yesu alikwenda kwa Shetani? Juzi mzazi mmoja alinifuata akataka maneno hayo tuyaruke. Niwajibuje?
Katekista, Tabora Mjini

JIBU: Milele amina. Usiyaruke. Tatizo lenu ni neno lililobadilika mdomoni mwa watu. Kuzimu ni ndugu wa mzimu: ni huko waliko wafu, wema kwa wabaya, bila kutaja moto wala pembe. Ila siku hizi, kwa shuhuda zinazorushwa redioni na kwenye simu, kuzimu imekuwa makao makuu ya Shetani, yenye ofisi na mikataba ya damu. Mtoto aliyelala akisikiliza hayo, asubuhi akisikia Yesu alishukia kuko huko, atashtuka tu.

Kwa hiyo kabla ya kufundisha lolote, andika ubaoni maneno mawili. Kuzimu: Waebrania walisema Sheoli, Wagiriki Hadesi. Jehanamu: jina lililotokana na bonde la Hinomu, nje kidogo ya Yerusalemu, ambalo Yesu alilitumia kwa adhabu ya mwisho. Kanuni ya Imani inataja la kwanza, si la pili. Mjanja wa darasa atakupeleka Luka 16:23, ambapo tajiri anateseka kuzimu. Mpe haki yake, kisha mwambie asome hadi mstari wa 26: Lazaro naye amekufa, lakini yuko kifuani pa Ibrahimu, na kati yao kuna shimo kubwa. Wafu hawakuwa na hali moja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 633, inasema wazi kwamba Yesu hakushuka kuwaokoa waliolaaniwa wala kubomoa jehanamu, bali kuwafungulia wenye haki waliomtangulia: kina Adamu, Ibrahimu, Daudi.

Makosa tunayoyaona mara nyingi ni kuanza na 1 Petro 3:19, pale Yesu anapowahubiri "roho waliokaa kifungoni". Mstari ule ni mgumu hata kwa mabingwa. Wapo wanaosema ni watu waliokufa kwa gharika ya Nuhu. Wapo wanaosema ni malaika walioasi, nao walitangaziwa ushindi tu. Augustino alisema ni Kristo aliyehubiri kwa kinywa cha Nuhu, watu wale wakiwa bado hai. Ukianzia hapo kipindi kizima kinaishia kwenye gharika. Anza na Matendo 2:27, "hutaiacha roho yangu katika kuzimu", maana Petro anauelewesha mwenyewe katika aya ya 31: anasema habari za ufufuko. Wakishakubali kwamba Yesu alikufa kweli kama wafavyo watu wote, ndipo uwapeleke kwa Nuhu, muda ukiruhusu.

Na huyo mzazi akikwambia kwamba ile Kanuni ndefu ya Nisea haina maneno hayo, ni kweli, haina. Mwanzoni mwa karne ya 5 padre Rufino wa Akwileya, mji wa Italia, aliandika kwamba kwao yalisomwa, lakini katika kanuni ya Roma hayakuwamo. Kifungu kiliingia kwa kuchelewa. Imani yenyewe ilikuwepo zamani.

SWALI: Bwana asifiwe. Mimi ni Mmoraviani, mume wangu ni Msabato. Yeye anasema Yesu alilala tu kaburini, na kwamba mkato katika Luka 23:43 umewekwa mahali pasipo pake. Ni kweli?
Mama wa watoto watatu, Sikonge

JIBU: Mama, mumeo hajabuni. Mstari ni ule Yesu anapomwambia mnyang'anyi aliyesulubiwa naye: "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Nakala za kale za Kigiriki hazikuwa na mikato, waliiweka wafasiri. Wasabato wanasoma "nakuambia leo, utakuwa pamoja nami", na hoja yao nzito ni Yohana 20:17, ambapo Jumapili Yesu anasema bado hajapaa kwenda kwa Baba.

Sisi tunaona mkato uko mahali pake. Yesu alisema "Amin, nawaambia" mara nyingi sana, na hakuna pengine alipolifunga neno "leo" kwenye kauli hiyo. Tena mnyang'anyi alikuwa ameomba akumbukwe siku ufalme utakapokuja. "Leo" ndiyo jibu lenyewe, kwamba hatangoja. Hata Yohana 20:17 haivunji hilo, kwa sababu wengi wanafasiri pepo ya siku ile kuwa ni upande wa raha wa wafu, pale alipokuwa Lazaro, na kupaa kulikuja baadaye.

Mkitaka kuendelea kubishana, fungueni 1 Petro 3. Wasabato wengi wanausoma mstari ule kama Augustino, jambo litakalomchekesha mumeo. Kwenu Wamoraviani, liturujia ya Pasaka iliyotoka Herrnhut, Ujerumani, haikusema "akashuka kuzimu". Mahali hapo ilitumia maneno ya Petro, kwamba kwa Roho alikwenda akawahubiri roho waliomo kifungoni. Ibada ile ya alfajiri makaburini ilianza huko mwaka 1732.

SWALI: Kutoka Ijumaa hadi Jumapili hazitimii siku tatu, mchana na usiku. Mathayo 12:40, Yesu aliposema atakaa muda huo ndani ya nchi, inakuwaje?
Kijana, Ujiji

JIBU: Kwa Wayahudi sehemu ya siku ilihesabiwa siku. Soma Esta 4:16: anaagiza mfungo wa siku tatu, usiku na mchana, halafu 5:1 anaingia kwa mfalme siku hiyo hiyo ya tatu. Saa zenyewe hazikupi shida, kwani Injili inahesabu kama sisi: Yesu alikufa saa tisa alasiri. Siku yao ilianza jua likizama, kama wazee wa Ujiji wanavyouita usiku wa kuamkia Ijumaa kuwa ni usiku wa Ijumaa. Ijumaa ikapata kipande, Jumamosi ikawa nzima, Jumapili kipande. Wanawake walipofika alfajiri kaburi lilikuwa tupu, na tangu saa tisa ile hazijatimia saa 40.